Bandari, Karantini na Haki ya Jirani wa Ukambani

  

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi lilizuka suala ambalo hatukulitazamia. Tulikuwa tukisoma mlango wa maradhi na haki za mgonjwa, na mwanafunzi mmoja akauliza: yale yaliyofanywa mwaka 2020, Mombasa ilipofungwa pamoja na Kilifi na Kwale tangu mwezi wa Aprili, kisha Mji wa Kale ukazungushiwa vizuizi mwezi wa Mei ilhali watu wamo katika funga ya Ramadhani, je, yana asili katika dini yetu, au ni desturi tulizoachiwa na Mwingereza? Kabla hajajibiwa, mwingine akasema kwa kicheko kwamba yeye awajua watu waliotoka usiku juu ya malori yaliyobeba shehena za bandari, wakateremka Makindu na Emali, na mmoja wao akafika hata Kitui, wala hapana aliyewakamata. Watu wakacheka. Sisi twaona kicheko kile chahitaji jibu refu kuliko suala lenyewe, na ndiyo sababu tumetwaa kalamu.

Kwanza asili ya jambo. Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alitoka Madina kwenda Shamu, na alipofika mahali paitwapo Sargh alikutana na maamiri wa jeshi lake, mbele yao Abu Ubayda bin Jarrah, wakampa khabari ya kuwa tauni imeingia Shamu. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina akawauliza, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, wakakhitalifiana vile vile. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wote wakamwambia neno moja, kwamba arudi na watu wake wala asiwapeleke penye maradhi. Alipotangaza kurudi, Abu Ubayda akamshutumu kuwa akimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba naam, akimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Na akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka bonde lenye ng'ambo mbili, moja ina majani na moja ni kavu, na kokote atakakochunga, kadari ndiyo iliyomchungisha. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf, aliyekuwa ameghibu kwa haja yake, akasema kuwa yeye ana ilimu ya jambo hili: amemsikia Mtume akifundisha kwamba mkisikia tauni iko katika nchi msiiendee, na ikitokea katika nchi mliyomo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mungu, akarudi.

Hadithi hii imo katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, na hapana mwanachuoni aliyeitilia shaka. Basi mwenye kudai kwamba kufunga mji kwa maradhi ni uzushi wa Wazungu, na atazame tarakimu. Jina lenyewe, karantini, latokana na neno la Kitaliana lenye maana ya arubaini, kwa siku ambazo meli zilizuiwa nje ya bandari ya Venezia. Na mji wa Ragusa, ulioko bahari iyo hiyo, uliweka amri ya siku thelathini mwaka 1377. Sayyidna Umar alisimama Sargh katika karne ya saba ya hisabu yao, zaidi ya miaka mia saba kabla ya Ragusa. Tena waziri wa Granada, Lisanuddin Ibn Khatib, aliyeiona tauni kuu ya 1348, aliandika kwamba maradhi yale huhama kwa nguo, na kwa chombo, na hata kwa kipuli cha sikio, na kwamba bandari iliyo salama huingiwa na maradhi afikapo mtu kutoka nchi yenye tauni. Mtu yule alikuwa na ufuko mbele yake kama tulio nao sisi, na macho yake yalikuwa wazi.

Walakini hayo ya nani alitangulia si makusudi yetu. Makusudi ni kuitazama hadithi yenyewe, maana ina nusu mbili, na nusu hizi hazitizami upande mmoja. Iliyo ya kwanza, kutoingia, yamlinda msikiaji mwenyewe: nafsi yako, watoto wako, mji wako. Iliyo ya pili, kutotoka, yamlinda asiyekuwa wewe, mtu aliye njiani mbele yako ambaye hajui kitu, na pengine humjui jina. Nusu ya kwanza kila mtu huipenda bila ya kuhubiriwa. Hata kuku hukimbia penye nyoka. Nusu ya pili ndiyo ibada. Na sisi twadai, na tutaonyesha, ya kwamba bandari zetu zilipoendeshwa na wakoloni zilishika nusu ya kwanza kwa nguvu zote, na nusu ya pili zikawaachia watu wa bara waibebe.

Bandari ilijilinda namna gani? Wazee wetu waliyajua haya kwa macho. Meli ikifika ilisimama nje na bendera ya manjano, daktari wa bandari akapanda, nahodha akaulizwa ametoka wapi na amezika wangapi baharini. Akiridhika, watu wateremke. Asiporidhika, abiria wapelekwe kisiwani. Unguja kisiwa hicho kilikuwa Changuu. Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, alikitwaa mwaka 1893 ajenge gereza. Likajengwa, lakini wafungwa hawakuletwa, na majumba yale yakawa maskani ya waliozuiliwa kwa maradhi. Hata leo watalii waendao kutazama kobe wakiita kisiwa cha gereza, na hawaambiwi kuwa waliofungwa pale kosa lao lilikuwa kupanda meli.

Na mahujaji je? Mwaka 1865 kipindupindu kiliwaua maelfu ya watu Makka katika siku za Hija, kikatoka na warudio makwao mpaka Misri na Ulaya. Mwaka wa pili yake mataifa yakakutana Konstantinopoli wakajadili namna ya kukizuia. Kisiwa cha Kamaran katika Bahari ya Shamu kikafanywa kituo mwaka 1882, na kila chombo cha mahujaji kitokacho kusini, kutoka Bara Hindi, Java na pwani hizi zetu, kilipasa kutua pale. Nguo ziliingizwa katika mvuke, watu wakaogeshwa, na ada ikatozwa. Tauni ilipotokea Bombay mwaka 1896, serikali ya Uingereza huko Bara Hindi ikawazuia mahujaji wa nchi ile mwaka 1897, na mwaka huo huo mataifa yakafanya mkataba Venezia juu ya tauni. Hatusemi kuwa hayo yote yalikuwa dhulma. Kipindupindu kilikuwa kweli, na maiti walikuwa kweli. Twasema tu kwamba mizani ilikuwa ya upande mmoja: kilichoogopwa zaidi ni maradhi kufika Marseille na London, na biashara kusimama. Hatukusoma mkutano hata mmoja wa zama zile ulioitishwa kuuliza maradhi yatakapotoka Mombasa kupanda bara yatamkuta nani.

Na milango ya bandari ni miwili, ndugu zetu. Mmoja watazama bahari, wa pili watazama bara. Jambo hili tulifunzwa mapema, lau tungetaka kufunzwa. Mwaka 1869 Unguja ilikuwa ikitazama baharini, na kipindupindu kikaja kwa mgongo: kilitoka upande wa Uhabeshi, kikapita nchi ya Wamasai, kikashuka Pangani na wafanyaji biashara, kisha kikavuka. James Christie, tabibu aliyekuwa Unguja siku zile, alifuatilia mapito yake kwa kuuliza watu wa misafara, akaandika kitabu kizima kilichotoka 1876. Kutoka Unguja majahazi yakakipeleka visiwa vingine. Basi kama maradhi ya bara yaweza kushuka pwani, ya pwani nayo yaweza kupanda; na yalipanda.

Hapa ndipo tunapofika Ukambani, na twaomba msomaji asifanye haraka, kwa kuwa watu wa pwani tuna mazoea ya kuzitazama Kitui na Makueni kwa dirisha la gari tu, tukienda Nairobi. Watu wale si wageni wetu. Kabla ya reli, misafara ya Wakamba ilikuwa ikileta pembe za ndovu Mombasa, na wengine wao walikwisha kukaa Rabai wakati wa njaa za zamani. Kivoi, mkubwa wa biashara wa Kitui, ndiye aliyempokea mmishonari Krapf mwaka 1849, na ni huko Kitui Krapf alikouona mlima Kenya. Maana yake ni kuwa njia ya kutoka gatini petu mpaka Kitui ilikuwa imekanyagwa na watu wenyewe zamani, na kila kilichotujia kwa merikebu, cha kheri na cha shari, kilikuwa na njia tayari ya kupanda.

Kisha ikaja reli. Ilianzwa Mombasa mwaka 1896, na kazi ililetewa watu 31,983 kutoka Bara Hindi, wengi wao Waislamu wa Punjabi. Katika hao 2,493 walikufa. Tauni ilipoingia Bombay na Karachi, serikali ilisimamisha kwa muda kuwaleta wafanyakazi. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya hadithi, na ilitendwa. Katika mwaka 1898 na mwanzo wa 1899 reli ikapita nchi ambayo leo ni Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, na stesheni iliyopewa jina la Sultani Hamud bin Muhammad aliyekuwa akitawala Unguja siku zile. Ikafika Nairobi mwezi wa Mei 1899.

Na katika miaka iyo hiyo mvua ilikatika Ukambani. Sotoka ilikwisha kuwamaliza ng'ombe mara moja mwanzo wa muongo ule, ikarudi. Njaa ile wenyewe Wakamba waliipa jina, Ngomanisye, na mpaka leo wazee wa Kitui huhisabu umri wa babu zao kwayo. Watu waliouza kila kitu walikwenda kando ya reli kutafuta kazi na punje za mchele zilizomwagika. Ndipo ndui ikawakuta. Ilifuata njia za misafara na njia ya reli kutoka pwani, ikaingia katika miili iliyokwisha kudhoofika. Na waliobaki na nguvu wakakimbilia nchi ya Wakikuyu kutafuta chakula, wakaenda nayo. Vijiji vilibaki bila wa kuzika. Hapana aliyesimama Mazeras wala Voi na bendera ya manjano.

Msomaji atauliza: wangefanya nini, ilhali chanjo yenyewe siku zile iliharibika kwa joto kabla ya kufika? Suala ni la haki, na jibu limo katika mwaka ule ule wa Sayyidna Umar. Wanahistoria wetu huweka tauni ya Amwas katika mwaka wa 18 wa Hijra, na mwaka huo huo ndio Aamu Ramada, Mwaka wa Majivu, ukame uliochoma Hijazi mpaka ardhi ikawa rangi ya jivu. Kwa hiyo Khalifa alikuwa na tauni upande mmoja na njaa upande wa pili, sawasawa na Ukambani ya 1899. Alifanya nini? Njia ya tauni aliifunga. Njia ya chakula aliifungua. Aliwaandikia maamiri wake, na wapokezi wasema aliyekuwa wa kwanza kufika na misaada ni huyu huyu Abu Ubayda, na ngamia elfu nne waliobeba vyakula. Tena yapokewa, ingawa tarehe yake ina khitilafu, kwamba Amr bin Aas alipeleka chakula cha Misri kwa bahari mpaka Al-Jar, iliyokuwa bandari ya Madina. Umar mwenyewe alijiharamishia samli na nyama mpaka watu wapate, hata rangi yake ikageuka. Abu Ubayda alirudi kwa watu wake Shamu, akakataa kuitwa atoke, akafa kwa tauni pamoja nao. Na maamiri waliobaki wakawapandisha watu milimani, wakawatawanya, mpaka tauni ikakatika.

Twaona, basi, kwamba bandari katika Uislamu ina kazi mbili wakati wa msiba: kuzuia maradhi yasipite, na kupitisha riziki. Al-Jar ilikuwa mlango wa riziki. Kwa insafu tuseme kuwa chakula cha msaada kilipandishwa kwa reli mpaka upande wa Machakos katika njaa ile, na kiliokoa roho. Lakini kilifuata nyuma ya ndui, wala hakikuitangulia.

Jambo hili lilirudi tena. Mwaka 1918, vita vikiwa vinakwisha, homa kuu ya mafua iliingia Mombasa kwa meli ikapanda na reli. Ukambani ilikuwa imetoa vijana wake kubeba mizigo ya vita vya watu wengine, wengi hawakurudi, na waliorudi walirudi dhaifu. Tena mvua ikakatika. Hatutaki kuyasimulia mara ya pili, kwa kuwa hapana tofauti ila jina la maradhi.

Lakini kuna karantini moja ambayo Wakamba waliipata kamili, bila ya kupunguzwa, nayo ni ya mifugo. Ng'ombe wa Machakos, iliyokuwa na Makueni ndani yake siku zile, na wa Kitui, walifungiwa miaka mingi kwa hoja ya sotoka na homa ya mapafu, wasipite kwenda sokoni kupitia mashamba ya masetla. Mwenye ng'ombe hawezi kumuuza. Kisha aambiwa ana ng'ombe wengi mno, nchi yaharibika, na wakaja kumchukulia kwa bei wanayoitaka wao, wapelekwe kiwanda cha nyama cha Athi River. Mwaka 1938 watu wakakataa. Wakaondoka kwa miguu, wanaume kwa wanawake, mpaka Nairobi kumtaka Gavana awasikilize, na kiongozi wao Muindi Mbingu akakamatwa akahamishiwa wapi? Lamu. Akaletwa kwetu pwani awe mfungwa. Tazama mpangilio wake: maradhi ya bandari yalipopanda Ukambani njia ilikuwa wazi, mali ya Ukambani ilipotaka kushuka, njia ilifungwa. Mkamba akisikia neno karantini akakunja uso, ana haki. Vivyo hivyo Muhindi wa Nairobi, ambaye soko lake lilichomwa moto mwaka 1902 kwa tauni. Na Profesa Simpson akaja mwaka 1913 akapendekeza miji igawanywe kwa rangi za watu, kwa jina la afya. Dawa njema ilichanganywa na sumu, na watu wakaitema yote pamoja.

Sasa turudi kwenye kicheko cha darsani. Waliotoka usiku mwaka 2020 walikuwa na malalamiko, nasi hatuyakanushi. Mji wa Kale umejaa watu wa kazi ya siku kwa siku. Apitishaye siku bila ya kuuza halali na chakula. Waliowekwa karantini ya lazima mwanzoni walitakiwa kujilipia malazi yao wenyewe, na hilo kwa mizani ya Sayyidna Umar ni kosa lililo wazi, maana mtu aliyezuiliwa kwa maslaha ya wote, gharama yake ni juu ya wote, yaani Baitul Mali. Anayefunga njia na alishe walio ndani. Neno hili twaliambia serikali yoyote, iwe ya Mzungu au ya ndugu zetu.

Ila dhulma ya mwenye kufunga haimhalalishii aliyefungwa kumdhulumu mtu wa tatu. Yule aliyeteremka Makindu alikwenda kwa nani? Alikwenda kwa mama auzaye chai kando ya barabara, ambaye hakumfungia mtu mlango. Alikaa naye, akamlipa shilingi, akapokea chenji mkononi mwake. Kutoka Kibwezi njia yapanda kwenda Mutomo hata Kitui, na huko hospitali ziko mbali na maji ni ya kuchotwa. Homa ikiingia nyumba ya huko, anayelipa ni bibi mzee aliyelala ndani. Madereva wa malori wao waliruhusiwa kupita, kwa sababu nchi nzima na jirani zake hula kwa bandari hii, na wao walipimwa na kusumbuliwa na kutajwa vibaya vijijini kwa ajili ya kazi yetu sote. Aliyejificha juu ya shehena zao aliwatia wao aibu isiyo yao. Twasema bila ya kuficha: huyo hakuwa mjanja. Alivunja nusu ya pili ya hadithi, na haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake mpaka mwenye haki asamehe. Na ataanzaje kumtafuta yule mama wa chai?

Wapo wanaojibu kwa hadithi iliyokuja kukanusha uambukizo. Hao wamesoma karatasi moja katika daftari. Ni Mtume huyo huyo aliyeagiza kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwanyweshe pamoja na ngamia wazima wa mwenziwe, na akahimiza kujitenga na mwenye ukoma. Maulamaa wakasema kinachokanushwa ni itikadi ya kijahili, ya kuwa maradhi yana nguvu yake yenyewe mbali na Mungu. Shekhe wa Uislamu Ibn Hajar Al-Asqalani, ambaye tauni ilimwua mabinti zake, alitunga kitabu juu yake. Na yeye hakuwa katika wanaothibitisha uambukizo kama Ibn Khatib, hata hivyo alishika kuwa kutoka kwa kuikimbia hakufai. Kwa hiyo wawili hawa walikhitalifiana katika sababu wakakutana katika amri, na mtu wa leo hana pa kujificha baina yao. Na kwa wale waliokasirika misikiti ilipofungwa, na wasome katika kitabu hicho hicho khabari ya watu wa Kairo mwaka 833 wa Hijra: walifunga siku tatu, wakatoka wote jangwani kuomba kama waombavyo mvua, na waliporudi maiti wakazidi maradufu. Dua haina makosa. Makosa yalikuwa katika kukusanyika.

Na jambo moja la kufurahisha, kwa kuwa tumetaja mauti mengi. Ndui iliyofagia Ukambani haipo tena duniani. Mgonjwa wake wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa kijana Mwislamu, mpishi wa hospitali ya Merca, pwani ya Banadiri, mwezi wa Oktoba 1977. Akapona, na waliokutana naye wakatafutwa mmoja mmoja, wakatazamwa na kuchanjwa mpaka ikabainika kuwa haikupita kwa mwingine. Mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kuwa imekwisha. Ikakatikia katika mji wa pwani wa Waislamu, kwa kufuatwa mapito ya mtu mmoja.

Imebaki kumjibu yule mwanafunzi wa kwanza, aliyeuliza kwa adabu. Ewe mwanetu, asili yake ni dini, na namna ilivyoendeshwa ina ya dini na ina ya dhulma. Shika hiyo na ukatae hii, wala usiitupe yote kwa hasira. Na ukipatwa na zamu yako ya kufungiwa, Bibi Aisha alipomwuliza Mtume juu ya tauni aliambiwa kuwa mja akaaye mjini mwake kwa subira, akitaraji thawabu, akijua kuwa halimpati ila aliloandikiwa na Mungu, hupata mfano wa ujira wa shahidi. Ibn Hajar akafahamu kwamba ujira huo hupatwa hata na asiyekufa. Fikiri, basi: mtu amekaa barazani kwake Mji wa Kale, hana kazi, hana msikiti, amekasirika, na anaandikiwa ushahidi kwa sababu hakwenda Emali.

Darsa imekubaliana mambo mawili. La kwanza, kuwaomba makhatibu wa misikiti yetu wasiisome hadithi ile nusu nusu. La pili, kuanzisha kibuyu cha sadaka, kisiguswe kwa harusi wala kwa ukarabati wa minara, ila kitolewe siku ambayo mtaa wowote, wa kwetu au wa bara, utafungwa kwa maradhi. Na nusu ya kibuyu hicho iwekwe kwa ajili ya miji iliyo njiani, kwa Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. Wachache walipinga neno hili la mwisho. Tuliwakumbusha kuwa jirani asiyekuwa Mwislamu naye ana haki ya ujirani, wakanyamaza, ingawa hatudhani wote wameridhika.

Nakala za karatasi hii zitapelekwa kwa gari Makindu, Emali na Kitui mjini, wapewe Waislamu wa huko wazisome, na wawasomee jirani zao kwa Kikamba wakipenda. Wakitujibu, hata kama ni kwa kutulaumu, jibu lao tutalichapa kama lilivyo.